Mkono wa Kwanza na Mkono wa Pili: Uhakiki wa Kazi ya Warsha za Uandishi kwa Mifano ya Bonde la Mto Tana

1. Utangulizi

Neno warsha limezoeleka mno katika mazungumzo ya wanafasihi hata limekuwa kama dawa ya kila ugonjwa. Miswada ikiwa mibovu, husemwa waandishi waitiwe warsha. Vijana wakiwa hawaandiki, husemwa vivyo hivyo. Ni mara chache linapoulizwa swali la msingi: mwandishi anapokaa na wenzake, wakaisoma kazi yake na kuitia mkono, ni kitu gani hasa kinachoifanya kazi hiyo iwe bora kuliko ilivyokuwa? Na ni kitu gani kinachoweza kuiharibu?

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kuliangalia eneo ambalo kwa kawaida halitajwi panapozungumzwa habari za warsha, nalo ni bonde la Mto Tana nchini Kenya, hususan sehemu ya chini yenye Garsen, Ozi na Kipini. Sababu za kulichagua eneo hili ni mbili. Kwanza, ni katika sehemu hizo ambapo mapokeo yanamweka Fumo Liongo, mshairi ambaye tungo zinazonasibishwa naye zimepita katika mikono mingi. Pili, ni katika bonde hilo ulikotoka wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto, ambao mahadhi yake yalifanywa kuwa wimbo wa taifa la Kenya mwaka 1963. Mifano michache ya nje ya bonde itatumiwa kama mizani ya kupimia.

Hoja itakayotetewa ni kwamba mkono wa pili huiboresha kazi pale ambapo mkono wa kwanza unabaki ukitambulikana, na pale ambapo wenye lugha wana neno la mwisho juu ya lugha yao. Masharti hayo mawili yakikosekana, kinachoitwa kusahihisha huweza kuwa ni kunyang'anya.

2. Liongo na kanuni ya takhmisa

Wataalamu hawajaafikiana juu ya wakati alioishi Liongo, na wako wanaotilia shaka kwamba alikuwa mtu mmoja. Hata hivyo mapokeo ya Waswahili wa kaskazini yanamfungamanisha na Shaka, Ozi na Pate, na kaburi linalosemwa kuwa ni lake huonyeshwa karibu na Kipini, mahali Mto Tana unapoingia baharini.

Kisa chake kinachojulikana zaidi ni kile cha gerezani. Liongo amefungwa minyororo. Anampelekea mama yake ujumbe kwa njia ya ushairi, akimtumia kijakazi Saada, kwamba uokwe mkate na ndani yake itiwe tupa. Kisha anawatungia watu wimbo wa gungu, anawafundisha, nao wanauimba kwa kishindo cha ngoma hata mlio wa tupa ikikata chuma usisikike. Wahakiki wamezoea kukisoma kisa hiki kama ushahidi wa ujanja wa shujaa, na hapana ubaya. Lakini chaweza pia kusomwa kama maelezo ya namna utungo ulivyokuwa ukikamilika katika jamii ile. Mtunzi ni mmoja. Ila utungo haukuwa wimbo mpaka waimbaji walipoupokea, wakaujaribu na kuumudu. Mtunzi asiyewajua waimbaji wake asingaliokoka.

Mfano ulio wazi zaidi unapatikana katika maandishi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, anayehesabiwa kuwa ndiye mtunzi wa Al-Inkishafi, alilichukua shairi linalonasibishwa na Liongo akalitia takhmisa. Edward Steere aliichapa takhmisa hiyo katika kitabu chake Swahili Tales cha mwaka 1870. Kanuni ya takhmisa ni nyepesi kuieleza na ngumu kuitimiza. Mshairi wa pili huichukua mishororo miwili ya mshairi wa kwanza, akaiweka mwisho wa ubeti kama ilivyo, kisha akatunga mishororo mitatu yake na kuitanguliza. Vina vyake havina budi kufuata vina alivyovikuta. Mizani yake haina budi kulingana. Zaidi ya hayo, maana yake haina budi kumfikisha msomaji kwenye maneno ya kwanza kana kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa yakingojewa tangu mwanzo wa ubeti.

Yafaa kukaa kidogo juu ya kanuni hii, kwa sababu ndani yake mna nadharia nzima ya kuitia mkono kazi ya mwingine. Anayetia takhmisa analazimika kwanza kuwa msomaji makini, kwani hawezi kukitangulizia kitu asichokielewa. Pia amewekewa mpaka: mishororo miwili ile si yake, na hata kama ana neno analoliona bora kuliko lililomo, hana ruhusa ya kulibadilisha. Na kazi yake inaonekana. Yeyote anayeijua kanuni anaweza kuivua mishororo mitatu ya Sayyid Abdallah akamkuta Liongo amekaa palepale alipoachwa.

Hata hivyo takhmisa si jambo lisilo na hasara, na mhakiki hapaswi kulificha hilo. Majigambo ya Liongo yana nguvu kwa kuwa ni mafupi. Yanaposukumwa hadi mwisho wa ubeti na kutanguliwa na maelezo ya mwanachuoni, ule ukali wa ghafla hupungua. Msomaji huwa ameshaandaliwa. Mishororo mitatu kati ya mitano sasa ni ya mkono wa pili, na kwa hesabu hiyo mgeni ametwaa sehemu kubwa ya nyumba. Ila hasara hii inatibika, maana ya mwanzo hayakufutwa.

3. Kamati na ithibati

Kinyume cha takhmisa kilikuja na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi Januari 1930, baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kukichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mojawapo ya kazi za Kamati ilikuwa kuisoma miswada ya vitabu, hasa vya shule, na kuipa ithibati. Kwa maana hiyo ilikuwa warsha kubwa kuliko zote zilizopata kuwako katika lugha hii. Faida yake haikanushiki: tahajia ilisawazishwa, na kitabu kilichochapwa Nairobi kikaweza kusomwa Kigoma bila taabu.

Lakini uendeshaji wake, hasa katika miaka ya mwanzo ambapo waliokuwa wakiamua walikuwa maofisa wa elimu na wamisionari wa Kizungu, ulikuwa na kasoro ya msingi. Marekebisho yalitoka kwa watu ambao lugha haikuwa yao, na yakishaingia hayakuacha alama. Kwa mwandishi wa nathari jambo hilo lilikuwa ni usumbufu. Kwa mshairi wa lahaja za kaskazini lingeweza kuwa ni msiba. Na achukuliwe mshairi wa Kipini au Lamu aliyetunga ubeti wenye kina cha -to, akayapanga maneno mato, moto na kito. Msahihishaji akiligeuza mato kuwa macho, kwa kuwa ndivyo kamusi isemavyo, kina kimevunjika. Vilevile nti ikilingana na kiti ni kina kamili; ikigeuzwa nchi, kina kimekwenda. Mizani inabaki ileile, kwa hiyo msahihishaji anayehesabu tu hatagundua kwamba ameharibu. Hapo ndipo inapodhihirika kwamba ujuzi wa kanuni za lugha peke yake haumpi mtu haki ya kuutia mkono utungo. Sharti awe na sikio la lahaja ile, au akae na mwenye sikio hilo na kumsikiliza.

4. Tume ya watu watano, 1963

Kenya ilipokaribia uhuru, tume ya wanamuziki watano ilipewa kazi ya kutayarisha wimbo wa taifa. Wajumbe walikuwa Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na George Senoga-Zake. Mahadhi waliyoyachagua yalikuwa ya wimbo wa mama wa Kipokomo anayembembeleza mwanawe. Maneno mapya yalitungwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mzee Meza Galana, Mpokomo, hutajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeufikisha wimbo huo kwa tume.

Kikao hicho hakikuitwa warsha, lakini kazi yake ilikuwa ya warsha: matini ilipokewa, ikapimwa, ikageuzwa na watu wanaoketi pamoja. Na kwa upande wa fani kazi ilifanywa kwa ustadi. Uamuzi wa kuyatwaa mahadhi ya nyumbani badala ya kuiga gwaride za Ulaya ulikuwa uamuzi wa kihakiki, uliotambua kwamba utulivu una heshima yake. Wimbo wa kubembeleza huimbwa na sauti moja kwa msikilizaji mmoja, tena kwa nia kwamba alale. Wimbo wa taifa huimbwa na umati uliosimama, kwa nia kwamba ukeshe. Kuyahamisha mahadhi kutoka hali ya kwanza hadi ya pili bila kuyavunja si jambo dogo. Maneno ya Kiswahili ya “Ee Mungu Nguvu Yetu” yamesaidia, kwa kuwa yamechukua umbo la dua, na dua inaweza kukaa mahali pa utulivu bila kuonekana imelazimishwa.

Tatizo liko upande wa pili. Katika takhmisa, maneno ya kwanza hubaki na mengine huongezwa. Hapa maneno ya kwanza yaliondoka yote. Mama na mtoto wametoka katika wimbo, na msikilizaji asiyeambiwa hana njia ya kujua kwamba waliwahi kuwamo. Tangu Katiba ya mwaka 2010, wimbo umewekwa katika Jedwali la Pili la katiba hiyo, yaani umefikia hadhi ya matini isiyoguswa. Majina ya wajumbe watano yamehifadhiwa katika historia. Majina ya akina mama walioyalea mahadhi yale kwa vizazi hayakuhifadhiwa, wala pengine yasingaliweza kuhifadhiwa. Lakini maneno yao yangaliweza kuchapwa pamoja na maelezo ya tume, na watoto wa shule za Garsen na Ngao wangalifundishwa nyimbo zote mbili kwa pamoja. Kufanya hivyo kusingaliupunguzia wimbo wa taifa heshima yoyote. Kungalionyesha mkono wa kwanza ni upi na wa pili ni upi.

5. Jukwaa kama warsha

Hyslop huyohuyo alikuwa na historia nyingine katika Kiswahili. Tamthilia zake Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu zilichapishwa mwaka 1957, na mwaka huohuo ilichapishwa Nakupenda Lakini ya Henry Kuria, iliyokuwa imeigizwa katika shule ya Alliance miaka ya kabla yake. Tamthilia ya aina hiyo hupata kufanyiwa mtihani ambao riwaya haiupati: huigizwa kabla ya kupigwa chapa, na mtazamaji anayecheka mahali pasipo pake humfundisha mwandishi kuliko maelezo ya kurasa kumi. Udhaifu wa tamthilia za kundi hilo ni kwamba watazamaji wa kwanza walikuwa ni wanafunzi na walimu wao, watu wa ulimwengu mmoja, ambao hawakuwa na sababu ya kuwapinga sana watunzi.

Mfano uliotimiza zaidi unapatikana Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977. Mswada wa Ngaahika Ndeenda wa Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii ulisomwa hadharani mbele ya wakulima na wafanyakazi, na mazoezi yakafanywa mahali pa wazi. Wanakijiji waliwasahihisha waandishi waziwazi: mzee hasemi hivi, kijana hamjibu mkubwa wake namna hii, wimbo huu huimbwa hivi. Waandishi walikuwa wasomi, lakini juu ya Kikuyu cha wazee walikubali kuwa wanafunzi. Serikali iliupiga marufuku mchezo huo mnamo Novemba 1977. Kwa hoja ya makala haya, linalohusu ni kwamba sharti la pili lilitimizwa. Neno la mwisho juu ya lugha lilikuwa la wenye lugha, na waandishi walibaki na mamlaka juu ya muundo wa kazi yao.

6. Kikundi cha Liongo

Baada ya mifano hiyo, inafaa kurudi kwa mshairi wa Ozi. Mwaka 2004 ilichapishwa huko Köln, Ujerumani, Liyongo Songs, mkusanyo wa tungo zinazonasibishwa na Fumo Liongo. Kitabu hicho hakikuwa kazi ya mtu mmoja. Kilitayarishwa na kikundi kilichojiita Kikundi cha Kazi cha Liongo, ambamo Gudrun Miehe alishirikiana na washairi na wataalamu kama Abdilatif Abdalla, Ahmed Sheikh Nabahany, Yahya Ali Omar na Said A. M. Khamis.

Ubora wa kazi hii unatokana na namna kilivyoundwa kikundi chenyewe. Tungo za kale zimeandikwa kwa hati za Kiarabu, na hati hizo, zilivyotumiwa na wengi, hazitofautishi vizuri e na i, wala o na u. Neno moja laweza kusomwa kwa njia mbili au tatu. Mtaalamu wa miswada anaweza kuzipanga nakala na kuzilinganisha, lakini mara nyingi ni mshairi aliyelelewa na lahaja ya kaskazini anayeweza kusema ni usomaji upi unaoimbika. Kila mmoja alikuwa na ujuzi ambao mwenziwe hakuwa nao. Tena palipokuwa na tofauti baina ya nakala, tofauti hizo zilionyeshwa katika maelezo. Msomaji hakupewa Liongo mmoja aliyepigwa pasi. Amepewa njia za kufikia uamuzi wake mwenyewe. Hii ndiyo adabu ya takhmisa iliyofufuliwa katika kazi ya kitaaluma.

Lawama moja inabaki. Kitabu cha bei ya maktaba za Ulaya hakiwafikii kwa urahisi watu wa Ozi, Shaka na Kipini ambao majina ya vijiji vyao yamo katika mapokeo hayo. Kikao kilichokuwa na washairi wa pwani hakikuwa bado kikao cha bonde lenyewe.

7. Warsha ikikaa Garsen

Iwapo warsha ya waandishi itaitishwa Garsen, mafunzo ya sehemu zilizotangulia yatapata mtihani mgumu. Garsen ni mji wa njia panda. Wapokomo, ambao lugha yao ni ya Kibantu na iko karibu na Kiswahili, hulima kando ya mto. Waorma, ambao lugha yao ni ya Kikushi, ni wafugaji ambao wakati wa kiangazi huleta mifugo mtoni. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano ya Tana Delta, na ardhi na maji yalikuwa ndani ya kiini cha ugomvi. Mahali kama hapo hakuna sentensi juu ya mto isiyo na upande.

Neno malka latosha kuwa mfano. Hutumiwa katika bonde hilo kwa njia ya mifugo ya kufikia maji. Msahihishaji kutoka Nairobi atakutana nalo katika mswada wa hadithi, asilione katika kamusi yake, na kuandika juu yake “njia ya ng'ombe”. Sentensi itakuwa sanifu, na hadithi itakuwa imekufa. Kwa mfugaji, malka ni haki ya kunywesha iliyorithiwa. Kwa mkulima, ni mahali mifugo inapopitia kando ya shamba, na pengine juu ya mazao. Mgogoro wote wa hadithi umo ndani ya neno hilo moja. Mwandishi wa Kipokomo akiliandika, msomaji wake wa kwanza anayefaa ni Muorma. Na mwandishi wa Kiorma akimchora mkulima, msomaji wake wa kwanza anayefaa ni Mpokomo. Warsha inayowakusanya watu wa upande mmoja, hata ikiwa na wakufunzi hodari namna gani, itazalisha kazi zenye sarufi safi na macho yaliyofumbwa.

Kutokana na hayo, taratibu chache zinajitokeza. Mswada usomwe kwa sauti kabla ya kusahihishwa kwa kalamu, maana sikio hugundua kina kilichovunjika na mazungumzo ya uongo mapema kuliko jicho. Rasimu ya kwanza ihifadhiwe, na kila badiliko liandikwe pembeni pamoja na sababu yake, ili mwandishi aweze kulikataa. Juu ya lahaja na maneno ya mahali, mkufunzi aulize, asiamue. Juu ya muundo, mtiririko wa visa na uwazi wa dhamira, mkufunzi anayo haki ya kuwa mkali, kwa kuwa kasoro za namna hiyo hazina lahaja. Na mswada unaotumia wimbo au ngano ya kijiji uchapwe pamoja na matini iliyotolewa kijijini, hata kama ni kwa kurasa mbili za mwisho.

Huenda ikapingwa kwamba mhariri mwema ni yule asiyeonekana, na kwamba kuudai mkono wa pili ujionyeshe ni kuwabebesha wasomaji mambo ya jikoni. Pingamizi hili lina ukweli kwa kazi yenye mwandishi aliye hai na anayejulikana. Mwandishi huyo akiyaona mapendekezo akayakubali, yamekuwa yake, na msomaji hana haja ya kuyajua. Kinachodaiwa katika hali hiyo ni kwamba mwandishi mwenyewe aone na awe na uwezo wa kusema hapana. Lakini mama anayebembeleza, mwimbaji wa gungu na mshairi aliyekufa zamani hawakuwapo kikaoni kusema hapana. Kwa ajili yao kumbukumbu ya maandishi ndiyo inayosema.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kuitia mkono kazi ya mwingine si jambo geni lililokuja na semina za siku hizi. Sayyid Abdallah alilifanya kwa Liongo kwa kanuni kali kuliko taratibu za warsha nyingi. Kamati ya Lugha ililifanya bila kuacha alama, na hasara yake kwa ushairi wa kaskazini ikawa kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Tume ya 1963 ilitoa kazi nzuri iliyosahau kuutaja mkono uliotangulia. Kikundi cha Liongo kilionyesha kwamba mtaalamu na mshairi wanaweza kuketi meza moja bila mmoja kumfuta mwingine. Kilichobaki ni meza hiyo kuletwa hadi kwenye mto wenyewe, Mpokomo na Muorma wakiwa ni wasomaji wa kwanza wa kila mmoja wao.